Mafundi Wawili, Kengele Moja

Basi lilisimama kabla ya daraja, utingo akapiga ubavu wa gari kwa kiganja, na sote tukashuka, vitambulisho mkononi. Ndivyo mtu anavyoingia Garissa akitokea Nairobi: kwa miguu, kwenye foleni, jua la saa saba likimpiga utosini. Nilikuwa nimepanda Eastleigh alfajiri, nikasinzia Matuu, nikaamka Mwingi kwa chai na chapati, na tangu Ukasi nilikuwa natazama nchi ikivua nguo kidogo kidogo. Kwanza miembe ilitoweka, halafu mahindi, halafu vilima vyenyewe, kikabaki kichaka cha miiba na lami iliyonyooka kama uzi wa mwashi. Upande huu wa mto panaitwa Madogo, na bado ni Kaunti ya Tana River. Garissa inaanza ng'ambo.

Kosa langu lilikuwa pochi. Nilipochomoa kitambulisho, kadi ya leseni ya silaha ilitoka nacho ikaanguka mbele ya viatu vya askari. Aliinama akaiokota. Aliisoma mbele, akaigeuza, akaisoma nyuma.

"Silaha iko wapi?"

"Nyumbani, afande. Ruiru. Iko ndani ya sefu."

"Na wewe ni nani hasa?"

"Mlenga shabaha, afande. Wa mashindano."

"Mashindano," alirudia, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi. Kisha akanirudishia kadi kwa vidole viwili. "Iweke ndani kabisa. Huku hatuna mashindano hayo."

Hakuwa mkali. Lakini nyuma yangu alisimama mama mmoja mwenye buibui ya hudhurungi, ambaye tangu Mwingi tulikuwa tukipiga naye soga kuhusu bei ya sukari na wajukuu wake wa Dadaab. Alisikia kila neno. Tulipopanda tena basi alihamia kiti cha nyuma, na hatukusemezana tena hadi stendi.

Yafaa nieleze. Kwa miaka sita nimekuwa mmoja wa watu wanaokwenda Kirigiti, Kiambu, siku za wikendi, kupiga makaratasi kwa bastola. (Kirigiti, kwa asiyejua, ni "kriketi" iliyopita kwenye kinywa cha Mkikuyu. Walowezi walicheza mchezo wao pale, wakaenda zao, jina likabaki.) Tunacheza kwa kanuni za IPSC, shirikisho lililoasisiwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri, na hesabu yake ni nyepesi kueleza: alama ulizopata zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Ukipata alama 60 kwa sekunde 12, una 5. Mwenzako akizipata 60 hizo hizo kwa sekunde 10, ana 6, na wewe huna la kusema. Sekunde zako mbili zilipotelea kwenye miguu, kwenye macho, kwenye namna ulivyobadilisha magazini. Lakini mlenga shabaha akishindwa hatazami miguu yake. Hutazama bastola.

Hapo ndipo maradhi yanapoanza. Bastola ya kiwandani inapiga vizuri tu. Ile iliyopita mikononi mwa fundi, slaidi ikasuguliwa mpaka ikakaa kwenye reli zake bila kucheza, kifyatulio kikaachia kwa uzito wa kilo moja hivi, inapiga vizuri zaidi na tena inamfanya mwenyewe ajione mtu. Muundo wenyewe ni wa kale. John Moses Browning aliubuni, jeshi la Marekani likaupokea mwaka 1911, na mwaka huo ndio jina lake hadi leo. Mafundi wengi wakubwa wa bastola za mashindano wameanzia kwenye mifupa ile ile ya mzee Browning. Tofauti yao iko kwenye mikono.

Katika kutafuta wa kunitengenezea mpya nilikuwa nimebakiza majina mawili, na ajabu ni kwamba yote yanatoka mji mmoja: Berryville, jimbo la Arkansas, mji wa watu elfu tano na ushei. La kwanza ni Wilson Combat. Bill Wilson alikuwa fundi saa. Mwaka 1977 alianza kutengeneza bastola nyuma ya duka la familia la saa na vito, na sasa ile ni karakana kubwa ambamo bastola moja hupita mikono mingi, kila mkono na kazi yake. La pili ni Nighthawk Custom, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2004 na watu waliotoka kwa huyo huyo Wilson. Hawa wana msemo wao kwamba bastola moja ni ya fundi mmoja. Mtu mmoja huipokea ikiwa vipande, hukaa nayo mpaka ipige, kisha hugonga herufi za jina lake chini ya kibao cha mshikio, mahali pasipoonekana mpaka ulegeze skrubu. Bei inapita dola 4,000, na ukianza kuchagua mapambo hujui itaishia wapi. Hizo ni zaidi ya nusu milioni za Kenya, kabla hujalipia kibali cha kuitoa kule na kibali cha kuiingiza hapa.

Pesa nilikuwa nazo. Nilizichanga miaka minne. Kilichonikosesha usingizi ni zile herufi chini ya kibao. Nilizitaka. Nilitaka kujua kuna mtu mmoja duniani ambaye bastola ikinikosea nitajua ni yeye.

Maana nilishaungua. Bastola ninayotumia sasa ilitengenezwa upya na fundi mmoja wa ng'ambo, simtaji, na ilipofika Nairobi ilikuwa na ila: risasi ikitoka, ganda linakwama mlangoni kama mtu aliyebanwa shuka na mlango wa matatu. Nikaandika kulalamika. Nikajibiwa kwa adabu kubwa kwamba niirudishe, itatazamwa bure. Niirudishe! Kwa Mmarekani hiyo ni kazi ya kifurushi na siku tatu. Kwa Mkenya ni Bodi ya Leseni za Silaha, ni wakala, ni forodha, ni ndege inayokubali kubeba, ni miezi. Sikuirudisha. Nimeibembeleza mwaka mzima kama punda mgonjwa.

Hayo yote nilikuja nayo Garissa, kichwani. Nilichokuja kufanya ni kumwona dada yangu, aliyejifungua mtoto wa tatu.

Shemeji alinipokea stendi na kunipitisha mji kwa miguu, kwa makusudi nadhani, ili nilizoee joto. Garissa ni mji wa punda. Mikokoteni ya maji inapishana na mabajaji, madumu ya njano yakigongana, na juu ya taka za soko makorongo wakubwa wamesimama kama mahakimu waliochoka. Soko Mugdi lina kivuli kizito; wanawake wamekaa na madumu ya maziwa ya ngamia, wanakumiminia kifuniko uonje, nawe unatakiwa useme kama moshi umekolea. Chombo hufukizwa kwa kaa la mti kabla maziwa hayajatiwa. Nilionja mara tatu na mara zote nikasema umekolea. Muuzaji wa tatu akacheka, akamwambia shemeji kwa Kisomali kwamba mgeni huyu ni rahisi kumuoza.

Jioni tulikaa kibandani kwa chai. Chai ya huku hupikwa na sukari bila huruma, maziwa ya ngamia, iliki na mdalasini, na hunywewa polepole na wazee wenye ndevu za hina waliolaza bakora zao mapajani. Tulikuwa watu saba mezani. Kwa mazoea ya mtu asiyefikiri, nilitoa simu nimwonyeshe shemeji picha za zile bastola mbili aniambie ipi inamvutia. Hata kabla picha haijafunguka vizuri, aliufunika uso wa simu kwa kiganja.

"Shemeji. Izime hiyo."

Nikaizima. Mazungumzo ya mezani yaliendelea, lakini mzee mmoja upande wa pili alikuwa ameona. Hakusema kitu. Alimaliza chai yake, akaomba udhuru, akaenda kuswali.

Njiani kurudi nyumbani, Bulla Iftin, shemeji alinieleza kwa sauti ya chini, na hakuwa ananigombeza. Aliniambia nihesabu. Hali ya hatari ilitangazwa huku mwaka 1963, Kenya ikiwa na uhuru wa majuma mawili tu, na sheria zake hazikufutwa mpaka 1991. Mtoto aliyezaliwa katikati ya miaka hiyo alikua akijua kwamba mwenye bunduki, awe wa serikali au wa msituni, ndiye anayeamua kama baba atarudi. Novemba 1980, baada ya maafisa wa serikali kuuawa mjini, mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa moto na watu wakakusanywa kwenye uwanja wa shule ya msingi ya Garissa, wakashinda juani. Yule mzee aliyeondoka mezani alikuwemo uwanjani, akiwa kijana. Halafu tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 wakauawa. Dada yangu wakati huo alikuwa na mwaka mmoja tangu aolewe. Alisikia milio tangu alfajiri, akafikiri ni mabati.

"Kiambu ni mchezo," shemeji alisema. "Nakubali ni mchezo. Lakini huku usiutaje mezani."

Sikuwa na la kujibu. Ile simu sikuitoa tena hadharani kwa siku zote nilizokaa.

Asubuhi ya pili ilikuwa Jumatano, siku ya soko la mifugo, na shemeji alikuwa na kazi. Mjomba wake, ambaye wote tulimwita Abti kama Wasomali wanavyomwita ndugu wa mama, alikuwa ametoka malishoni kutafuta kengele. Abti ana ngamia. Kiangazi kilichodumu kuanzia 2020 hadi 2023, misimu mitano ya mvua ikapita mitupu, kilimwondolea karibu nusu ya kundi, na miongoni mwa waliokufa ni jike kiongozi aliyekuwa akivaa kengele. Kengele yake ilipasuka baada ya hapo, kwa ukavu. Sasa kuna jike mwingine aliyeanza kutangulia mwenyewe, bila kufundishwa, na Abti alitaka kumvisha.

Mimi nilidhani kengele ni kengele. Unaenda dukani.

Kengele ya ngamia, *koor*, ni gogo. Ni kipande kimoja cha mti chenye ukubwa wa ngumi mbili zilizoshikana, kimechimbwa tumbo likabaki ganda jembamba, na ndani zinaning'inia ndimi mbili za mti. Utosini kuna tundu la kamba ya kufunga shingoni. Haina chuma hata kidogo. Sauti yake si ya shule wala ya kanisa. Inafanana zaidi na mtu anayebisha mlango wa jirani kwa kifundo cha kidole, kok, kok-kok, na kwa kuwa ngamia anatembea bila haraka, mbisho ule nao hauna haraka. Ukiisikia kwa mara ya kwanza unaweza kuidharau. Niliidharau.

Abti alinirekebisha tukiwa bado njiani. Malisho yake siku hizi yamejaa mathenge, ule mti ulioletwa Kenya na kupandwa miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa, ukageuka ukawa jangwa la kijani. (Watu wa Baringo waliwahi kuupeleka mahakamani Nairobi pamoja na mbuzi asiye na meno kama kielelezo. Mbuzi alikuwa kapoteza meno kwa kula maganda yake.) Ndani ya mathenge ngamia mzima hupotea hatua kumi kutoka ulipo. Unachobaki nacho ni sikio. Mapigo yakienda sawa, anatembea. Yakikatika-katika, anakula. Yakikimbia ghafla na kunyamaza, kuna fisi, au kuna mtu. Tena wafugaji wenzake watano wana kengele zao kwenye kichaka hicho hicho, kwa hiyo yake lazima iwe na sauti isiyofanana na yoyote.

"Usiku nikiwa nimelala," aliniambia, "nasikia, najua ni wangu, nageuka upande wa pili."

Fundi wa kwanza tulimkuta pembeni ya soko la mifugo, vumbi la ng'ombe likipita juu ya kazi yake. Fundi ni kusema tu: walikuwa watu wanne, baba na wanawe wawili na mpwa. Baba alikuwa amestaafu kushika tezo. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akipokea pesa. Mpwa alikata na kuchonga umbo la nje. Mwana mdogo alichimba tumbo kwa patasi na chuma cha moto, moshi ukimtoka kati ya magoti. Mwana mkubwa hakugusa kitu kingine isipokuwa ndimi: alizichonga, akazifunga, akatikisa, akazifungua, akazikwangua tena. Kengele kumi na moja zilikuwa zimetundikwa kwenye ufito, tayari, zimepakwa samli zisipasuke. Bei ya moja ilikuwa chini ya bei ya kasha moja la risasi zangu.

Nilianza kucheka peke yangu. Shemeji akaniuliza nini. Nikamwambia baadaye. Ningeanzaje kumweleza Berryville pale?

Abti alizitikisa zote kumi na moja, moja moja, akiwa amelipa mgongo lile zogo la soko na kufumba macho. Akatenga mbili. Akaahirisha.

Fundi wa pili alikuwa nje ya mji, kwenye barabara ya kusini inayoelekea Bura na Masalani. Alikaa chini ya mgunga mbele ya nyumba yake, mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na hakuwa na kengele hata moja ya kuonyesha. Hutengeneza moja kwa wakati mmoja. Baada ya salamu ndefu, za mvua, za malisho, za wagonjwa, Abti alimweleza shida yake, naye akaanza kuuliza maswali. Ngamia ana umri gani? Shingo yake imeingia ndani au imejaa? Akitembea anatikisa kichwa au anakituliza? Anapenda kula juu au chini? Wenzako wa malishoni wana kengele za nani? Hilo la mwisho alilitilia mkazo, akataka majina ya mafundi, na kila jina lilipotajwa alitikisa kichwa kidogo kama daktari anayesikia dawa ulizokwisha kumeza.

Kisha akasema hawezi kuanza mpaka amwone ngamia akitembea, na kazi yenyewe ni siku kumi.

Ili Abti asikie mfano, alituma mjukuu kwa jirani kuazima kengele aliyoichonga miaka mingi nyuma. Ililetwa. Mbao yake ilikuwa imeiva rangi ya kahawa, laini kama sabuni iliyotumika, na ndani ndimi zilikuwa zimechimba vibonde viwili vidogo ukutani mahali zinapogonga. Mzee aliitikisa mara moja. Sijui niielezeje. Zile za sokoni zilibisha mlango. Hii ilijibu kutoka ndani. Ilikuwa na sauti mbili, ya juu na ya chini, na ya chini ilichelewa kufa.

Niliigeuza nikatafuta alama yake. Nilichungulia tumboni, nikapapasa chini ya kamba. Hakuna kitu. Nikamwuliza kupitia kwa shemeji kama haweki jina au alama kwenye kazi zake.

Alinitazama juu ya miwani. "Alama ya nini? Si inalia?"

Tuliporudi mjini mimi nilikuwa nimeshaamua kwa niaba ya Abti, na shemeji pia. Mtu aliyesikia sauti ile angechagua nini kingine? Tulimwambia siku kumi si kitu, ngamia aletwe, mzee amwone. Abti alitusikiliza hadi tulipomaliza. Alikuwa anakula ndizi na wali, kama wanavyokula huku, na hakuacha kula.

"Mzee ana mtoto anayechonga?" aliuliza.

Shemeji alisema hana.

"Macho yake umeyaona."

Tuliyaona.

"Ulimi unaisha. Mwaka mmoja, miaka miwili, unaisha. Ganda linapasuka kiangazi. Nikija hapa baada ya *jilaal* mbili, misimu miwili ya kiangazi, nimkute nani chini ya mti ule? Wale vijana wa sokoni nina namba yao ya simu."

Nilimwambia, kwa ujasiri wa mgeni, kwamba sauti ya mzee ilikuwa bora, na yeye mwenyewe aliisikia.

"Ni bora," alikubali. "Nitaizoea ile nyingine. Ngamia naye ataizoea."

Akanawa mikono. Niliudhika kidogo, nakiri, kama mtu aliyeangalia mechi na timu bora ikafungwa. Siku nzima ile nilikuwa nimejenga kichwani hoja yangu juu ya fundi mmoja na herufi zake chini ya kibao, na mtu pekee niliyemkuta anayejua kununua kitu cha kuchongwa kwa mkono alikuwa ameipita hoja hiyo akielekea kwenye kiti cha plastiki cha sokoni.

Lakini alifanya jambo moja ambalo mimi nisingefanya. Kabla ya kurudi sokoni kulipa, alinunua dumu la lita mbili la maziwa, tukapanda bajaji mpaka kwa yule mzee, akamwambia uso kwa uso kwamba hatachonga kwake. Akampa maziwa. Mimi ningetuma ujumbe, au ningenyamaza tu, kama wanavyofanya wateja wengi wa mafundi ulimwengu mzima. Mzee alipokea dumu akaliweka kivulini. Hakuonyesha kununa.

"Ya kina nani umechukua?"

Abti akamwambia.

"Yule mkubwa nilimfundisha mimi," mzee alisema. "Miaka minne alikaa hapa. Mwambie apunguze ulimi wa kushoto. Kila mara anauacha mzito. Nilimwambia tangu hapo."

Sokoni, kijana mkubwa aliposikia ujumbe huo, shingo ilimsimama. Kwa Kisomali alisema jambo refu lililomfanya baba yake acheke kwenye kiti. Shemeji alilitafsiri kwa kifupi mno ukilinganisha na urefu wake: "Anasema ulimi uko sawa." Akaifunga kengele kwenye karatasi ya saruji, Abti akalipa, na jioni ile ile akapanda lori kurudi malishoni, kengele ikiwa kifuani ndani ya shati.

Nililala Garissa usiku mmoja zaidi. Kulikuwa na joto la kutoa godoro nje, na kwa mbali, ng'ambo ya mto, radi zilikuwa zinamulika bila sauti. *Gu*, masika ya huku, ilikuwa inakaribia. Dada alinisimulia mafuriko ya Novemba 2023, namna barabara ilivyokatika pale Madogo na mji ukabaki kisiwa. Ilipofika Aprili 2024 mvua ikarudi na mashua ikapinduka pale Kona Punda, watu wakafa wakijaribu tu kuvuka kipande cha lami. Nchi hii inaomba mvua miaka mitatu, halafu inaipata yote kwa wiki moja. Mtoto mchanga alilia, akanyamaza, akalia.

Darajani, wakati wa kurudi, kitambulisho kilikuwa mfukoni mwa shati na pochi ilikuwa chini kabisa ya begi.

Wiki iliyofuata niliichukua bastola yangu kilema nikaipeleka kwa fundi wa silaha wa hapa hapa Nairobi. Sikuwa nimewahi kumpelekea kwa sababu hana sifa yoyote ng'ambo na karakana yake inanuka mafuta ya cherehani. Aliniketisha nione. Aliitoa slaidi, akachomoa kile kijino kirefu cha chuma kinachokamata ganda na kulivuta nje, akakitia tundu lake nusu, akakipinda. Kukipinda tu, kwa mkono, kama mtu anayenyoosha sindano. Akatelezesha risasi ya bandia chini yake, akaitikisa, ikadondoka. Akapinda tena. Ikashika. Akatikisa kwa nguvu, ikadondoka. Alirudia hivyo labda mara kumi na mbili, bila kusema neno, na mimi nikawa nimeshaanza kumtazama mikono badala ya saa.

Tukiwa kwenye kazi hiyo simu ikalia. Ilikuwa sauti iliyorekodiwa, imetumwa na shemeji, ambaye alitumiwa na kijana wa malishoni aliyepanda juu ya mti kutafuta mtandao. Nikaiweka sikioni. Upepo kwanza. Mbuzi mmoja. Halafu kok, kok-kok, bila haraka, ikija, ikipita, ikienda. Halafu sauti ya Abti karibu sana na simu, ikisema maneno machache.

Nikampigia shemeji anitafsirie.

"Anasema ulimi wa kushoto ni mzito. Anarudi nayo sokoni Jumatano."

Fundi alifunga slaidi akanikabidhi bastola. Jumamosi nilipiga risasi 200 Kirigiti. Mbili zilikwama. Jumatatu nitampelekea tena.